Tamko la Wapigapicha wa Filamu: Siku Moja ya Kupima Nyuso

Kwa watayarishaji, waongozaji, wafadhili wa filamu na vyombo vya habari

Sisi wapigapicha wa filamu huru tulioungana katika chama chetu hapa Dar es Salaam tunatoa tamko hili kwa azimio la mkutano mkuu. Azimio lenyewe ni fupi. Kuanzia sasa, mwanachama wetu hatapokea kazi ya filamu ya kuigiza isiyotengewa siku moja ya majaribio ya kamera kabla ya kurekodi, na jina la mpigapicha mkuu litaandikwa kwenye bango. Kwa mpigapicha mkuu tunamaanisha yule anayeamua taa, lenzi na fremu, awe ameishika kamera kwa mkono wake au amemkabidhi mwenzake.

Sababu ndizo ndefu. Mkutano ulituagiza tusitoe karatasi ya manung'uniko, maana za namna hiyo zimeshatolewa nyingi na zimefungiwa vitumbua. Tuliagizwa tueleze kazi hii ni nini, tena kwa kupitia safari ya mtu mmoja ambaye filamu zake tumezitazama pamoja kwa miezi kadhaa, tukizirusha ukutani, tukisimamisha picha na kubishana mpaka majirani wakagonga mlango.

Mtu huyo ni Bradford Young, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1977, katika ukoo wenye biashara ya mazishi. Jambo hilo la mazishi tulilijadili sana. Wapo waliosema ni la kubahatisha tu, na wapo waliosema mtoto aliyekulia mahali ambapo uso wa marehemu huandaliwa ili ndugu wamtambue kwa mara ya mwisho hawezi kuuchezea uso wa mtu. Kamati haikuamua. Lililo wazi ni kwamba alisoma Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na mwalimu wake akawa Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar, Ethiopia.

Tunamtaja Gerima kwa makusudi. Alipomaliza filamu yake Sankofa mwaka 1993, wasambazaji wa Marekani hawakuitaka. Akakodi kumbi za sinema yeye mwenyewe, mji baada ya mji, akazijaza watu. Baadaye akafungua duka la vitabu na filamu hatua chache kutoka Howard. Mwanafunzi wa mwalimu wa aina hii hafundishwi kubonyeza kitufe. Anajifunza filamu inaanzia wapi, nani anailipia, nani anaizuia mlangoni na nani ataitazama.

Howard ilishatoa wapigapicha kabla ya Young. Ernest Dickerson alisoma usanifu majengo pale, kisha akapata riziki kwa kupiga picha za upasuaji katika kitivo cha udaktari cha chuo hicho, ndipo akaenda New York University alikokutana na mwongozaji Spike Lee. She's Gotta Have It, iliyotoka mwaka 1986, waliirekodi kwa siku 12, karibu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa takriban dola 175,000. Mtu aliyezoea kuweka taa mahali ambapo daktari ameshika kisu na hamsubiri mpigapicha hababaiki akiambiwa ana siku 12. Miaka sita baadaye Dickerson huyohuyo ndiye aliyepiga Malcolm X, habari za mtu ambaye wazee wetu walimpokea hapa Dar es Salaam mwaka 1964.

Arthur Jafa, mzaliwa wa Tupelo, Mississippi, naye alipita Howard. Alipiga Daughters of the Dust ya Julie Dash, na tamasha la Sundance la mwaka 1991 likampa tuzo ya upigaji picha. Filamu ile ni ya ukoo wa Wagullah katika visiwa vya pwani ya Carolina Kusini, mwaka 1902. Wanawake wamevaa magauni meupe, wamesimama juu ya mchanga unaong'aa, jua la pwani limewaka. Mpiga kamera yeyote wa Bagamoyo au Paje anaujua mtihani huo. Ukipima gauni, uso unazama. Ukipima uso, gauni linaungua na kuwa doa tupu. Jafa alivipata vyote viwili, uso na gauni, na tulipoisimamisha picha ile ukutani hakuna aliyebisha.

Sasa turudi kwa Young. Mwaka 2011 alipata tuzo ya upigaji picha ya Sundance kwa Pariah ya Dee Rees, habari za msichana wa Brooklyn anayeficha nyumbani yale anayoyaishi nje. Mwanga katika filamu ile unambadilisha binti kama kinyonga anavyobadilika juu ya majani. Klabuni amekuwa zambarau, ndani ya basi la usiku amekuwa rangi nyingine, nyumbani kwa mama yake nyingine tena. Hadithi inasema binti hana mahali pake, na taa zinasema hivyohivyo kabla hajafungua mdomo. Young alikuwa ameshaipiga filamu fupi ya kisa hichohicho miaka minne kabla, kwa hiyo alipofika kwenye filamu ndefu alikuwa anaujua uso wa yule mwigizaji kama mtu anavyoujua mlango wa kwao gizani. Hapo ndipo azimio letu lilipozaliwa. Mjumbe mmoja aliuliza: miaka minne yeye, sisi tunashindwa kupewa siku moja?

Mwaka 2012 ikaja Middle of Nowhere ya Ava DuVernay, iliyotengenezwa kwa takriban dola 200,000, fedha ambazo Marekani ni za kununulia chai kwenye filamu kubwa. DuVernay akaondoka Sundance na tuzo ya mwongozaji bora. Mwaka uliofuata Young akapewa tuzo ya upigaji picha kwa filamu mbili kwa mpigo, Ain't Them Bodies Saints na Mother of George.

Hii ya pili tuliitazama mara nne. Mwongozaji wake, Andrew Dosunmu, ni mzaliwa wa Nigeria, na kisa ni cha wanandoa wa Kiyoruba wanaoishi Brooklyn na kusubiri mtoto asiyekuja. Inaanza na harusi. Vitambaa, vilemba, shanga, noti zinabandikwa kwenye vipaji vya nyuso. Mpigapicha mwoga angeweka taa nyingi ili kila kitambaa kionekane vizuri kama dukani Kariakoo. Young anaacha sehemu ya uso iingie kivulini, na kitambaa cha buluu kinautupia shavu mwanga wake. Danai Gurira, anayeigiza mke, mara nyingine anaonekana pembeni kabisa mwa fremu, nusu amekatwa na mlango, kama mtu aliyeingia nyumba ambayo wakwe wameshajaa. Mama mmoja aliyekuja kutuletea chakula ofisini alisimama nyuma yetu na sinia mkononi, akatazama kwa dakika kumi bila kujua lugha inayosemwa, akasema, "Huyu mke ana mzigo." Picha ilikuwa imeshamwambia.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya sanaa, sisi tunatengeneza filamu za kuuza. Basi tuingie kwenye ufundi, maana ndiko tunakogombana na watayarishaji kila wiki.

Mikanda ya rangi ya karne iliyopita haikutengenezwa kwa ajili ya nyuso zetu. Maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikabaki na jina la Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa, basi. Watoto weusi waliopigwa pamoja na weupe katika picha za shule walitoka meno na macho tu. Kodak walianza kushughulikia rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na samani kulalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Kabati lilipata mtetezi kabla ya binadamu. Mwongozaji Jean-Luc Godard alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alikataa kutumia mikanda ya Kodak, akisema ina ubaguzi.

Kamera za siku hizi zimevuka hapo. Zinaona gizani kuliko paka. Lakini mazoea ya watu hayajavuka, na zoea baya kuliko yote ni imani kwamba mtu mweusi apigwe taa kali usoni "ili aonekane". Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, hilo ni kweli. Lakini inang'aa vizuri sana pale inapokutana na kitu kikubwa chenye mwanga laini: dirisha, ukuta mweupe, shuka. Ule mng'ao ndio unaochora taya, shavu na paji. Taa kali ya mbele inaua mng'ao, inabakiza jasho puani na kivuli cha kichwa ukutani.

Tutoe mfano wa nyumbani. Mwanachama wetu alikuwa anarekodi katika chumba kimoja Mbagala, usiku, mama anapigiwa simu ya msiba. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya buluu ya kung'aa, mwigizaji amevaa blauzi nyeupe, na msaidizi amemwelekezea taa ya LED usoni kutoka hatua mbili. Kwenye skrini blauzi ilikuwa inawaka kama tangazo la sabuni na uso ulikuwa mweusi tii. Prodyuza akasema ongezeni taa. Mwenzetu akaizima. Akaomba blauzi ibadilishwe kwa kitenge cha kahawia. Akatundika shuka kwenye waya wa kuanikia nguo upande wa kushoto, akaipiga ile taa kwenye shuka, si kwa mama. Akamwita dada wa vipodozi aifute poda yote na kumpaka mama mafuta ya nazi kidogo juu ya mashavu na kwenye paji. Balbu ya chumbani ikaachwa nyuma yake, hafifu. Shughuli nzima ilichukua dakika 40, na prodyuza alizihesabu moja moja. Mama alipoinua simu, machozi yalionekana kabla hayajadondoka.

Zile dakika 40 zingeweza kutumika siku nyingine, asubuhi, bila watu 20 waliosimama wakidai posho. Hiyo ndiyo siku ya majaribio. Waigizaji wakuu waje na nguo watakazovaa, waketi katika chumba kitakachotumika, saa ileile iliyoandikwa kwenye skripti. Mpigapicha, mwongozaji, mtu wa mavazi na mtu wa vipodozi watazame pamoja kwenye skrini na wakubaliane. Hatuombi taa kutoka Ulaya. Shuka tunalo.

Kinachotokea sasa tunakijua wote. Mwaka uliopita mwanachama wetu mwingine alipiga filamu ya kampuni ambayo hatutaitaja, kwa bajeti isiyofikia bei ya Toyota Noah iliyotumika. Hakupewa skripti mpaka asubuhi ya siku ya kwanza. Alipoomba muda wa kupanga mwanga wa tukio la jikoni alijibiwa jibu ambalo sasa tumeliandika ukutani ofisini: tutarekebisha kwenye kompyuta. Kompyuta ilirekebisha. Uso wa mwigizaji mkuu ukavutwa kutoka gizani kwa nguvu mpaka ukajaa chenga na kugeuka kijivu kama jivu la mkaa, na ukumbini siku ya uzinduzi watu walicheka mahali palipoandikwa walie. Bango lilitaja waigizaji, mtunzi, msambaza maji ya kunywa na mpishi. Mpishi alistahili, chakula kilikuwa kizuri. Mpigapicha hakutajwa, na kwa picha ile mwenyewe alishukuru.

Tuseme ukweli na wa upande wetu. Wapo miongoni mwetu wanaojisifia kamera kuliko kazi, ambao ukiwauliza habari za tukio watakutajia aina ya lenzi. Wapo wanaofika wakiwa hawajasoma skripti hata walipopewa. Young alipoingia kwenye filamu zenye fedha, Selma na A Most Violent Year, zote za mwaka 2014, hakubadilisha tabia aliyoijenga kwenye filamu za dola 200,000. Katika Selma, Martin Luther King na mwenzake Abernathy wako mahabusu, na wanazungumza karibu gizani. Mwanga umeshika ukingo wa uso tu, na sauti inafanya yaliyobaki. Studio ingeweza kumlipia taa za kujaza gereza zima. Azimio letu kwa hiyo linatufunga na sisi: mwanachama akipewa siku ya majaribio halafu akaja bila kusoma skripti, mtayarishaji atuletee malalamiko, na tutayashughulikia.

Kuna pia suala la kuona. Arrival ya mwaka 2016 ilimpeleka Young kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Oscar ya upigaji picha, na akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufika hapo. Mweusi wa kwanza kabisa alikuwa Mwingereza Remi Adefarasin, kwa Elizabeth ya mwaka 1998. Oscar ile Young hakuipata. Mwaka 2018 alipiga Solo, ya mfululizo wa Star Wars, na watu katika baadhi ya kumbi wakalalamika kwamba ni giza mno. Sehemu ya tatizo ilikuwa kumbi zenyewe, zenye projekta zilizochoka. Tunalitaja kwa sababu nusu ya kesi za "picha giza" zinazoletwa kwetu hutoka kwa mtu aliyetazama kazi kwenye simu, juani, ndani ya daladala. Tunaomba kazi ipokelewe au ikataliwe ndani ya chumba chenye pazia, kwenye skrini iliyokaguliwa na pande zote mbili.

Wanachama wetu wanawake waliomba sehemu yao katika tamko hili, na wameipata. Jessie Maple aliingia chama cha wapiga kamera cha New York katika miaka ya 1970 baada ya kukipigania, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1977 akaandika kitabu kuwaelekeza wengine namna ya kuingia. Mwaka 1981 akatoa filamu yake Will, na mwaka uliofuata yeye na mumewe wakafungua ukumbi wa sinema za watu Weusi ndani ya nyumba yao Harlem. Wenzetu wanaoambiwa kwenye seti wakashike nguo za waigizaji kwa kuwa "kamera ni nzito" wanasema kamera ya siku hizi ni nyepesi kuliko ndoo ya maji. Utaratibu ni kwamba malalamiko ya aina hiyo yatapokelewa na katibu kwa maandishi, na jina la mlalamikaji litahifadhiwa.

Kuhusu bango, hatudai herufi kubwa. Jina liwe kwenye mstari wa mwongozaji, mtunzi na mhariri, kwa ukubwa wa herufi zao. Kuhusu siku ya majaribio, mpigapicha atalipwa nusu ya malipo yake ya siku, na waigizaji walipwe nauli na chakula. Kwa filamu fupi za wanafunzi, nusu siku inatosha na mpigapicha hatadai kitu. Mikataba iliyosainiwa kabla ya tamko hili haiguswi.

Watayarishaji wanaotaka kuona tofauti kwa macho yao wanakaribishwa ofisini kwetu Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi baada ya magharibi. Tutaweka kiti kimoja, balbu moja na shuka, na mtayarishaji atakaa yeye mwenyewe mbele ya kamera. Mfano wa mkataba wenye vipengele hivi viwili unapatikana kwa katibu. Gharama ya fotokopi ni ya mwombaji.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati ya Ufundi, kwa niaba ya wanachama.